Timazi ya shaba: kuichora, kuikereza na kuijaribu kabla haijafika mjengoni

Timazi ni kizito kinachoning'inizwa kwa kamba ili kupima kama ukuta umesimama wima. Kazi yake yote hufanywa na mstari mmoja usioonekana: unaanzia kwenye tundu la kamba, unapita katikati ya kiwiliwili na kuishia kwenye ncha. Vitatu hivyo vikikaa kwenye mstari huo, timazi inasema kweli hata ikiwa imekwaruzika. Kimoja kikihama nusu milimita, ukuta wako utapinda na timazi itang'aa vilevile. Mpangilio wa kazi hapa chini umewekwa kwa ajili ya mstari huo.

Timazi tunayoichora ni ya fundi mwashi wa kawaida: takriban gramu 400, kiwiliwili cha mviringo chenye upana wa milimita 30 na urefu wa milimita 50, halafu koni ya shaba inayoshuka hadi upana wa milimita 10, na mwisho ncha ya chuma inayochomoza milimita 13. Juu kuna kifuniko cha hesi (kinachofungwa kwa kuzungushwa) chenye kichwa cha upana wa milimita 20 na kimo cha milimita 10. Usibadilishe kimo hicho bila sababu. Kitovu cha uzito kiko takriban milimita 60 juu ya ncha, na kamba inaachana na shaba kama milimita 40 juu ya kitovu hicho. Kwa hiyo tundu la kamba likienda pembeni nusu milimita, ncha inakosea takriban milimita 0.7. Bila kifuniko kamba ingeshika chini zaidi, na kosa lile lile lingekaribia milimita 0.9.

Shaba gani?

Chukua shaba ya njano, ile ya kukereza, yenye risasi kama asilimia 3 ndani yake. Inakatika kwa vipande vifupi na haing'ang'anii kisu. Shaba nyekundu ni nzito kidogo zaidi (gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 8.47), na kwa vipimo hivi hivi ingekupa kama gramu 420. Faida inaishia hapo. Ni laini, inanata kwenye kisu, inatoa nyuzi ndefu zinazojizungusha kwenye chaki (mataya yanayoshika kazi na kuizungusha) ya leithi, yaani mashine ya kukerezea, inavunja tapu (chombo cha kukata hesi ndani ya tundu), na timazi ikianguka kwenye slabu inabonyea. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, tumia kisu kikali sana chenye mteremko wa nyuzi 15 hadi 20 juu yake, mizunguko kama 500 kwa dakika, na mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili wakati wote. Kila unapokata hesi kwa tapu, rudi nyuma nusu mzunguko ili kuvunja uzi wa shaba.

Nunua ufito uliovutwa kiwandani, upana wa milimita 32. Wauzaji wa vyuma wa Industrial Area, Nairobi, hukata na kupima kwa kilo. Omba pisi ya milimita 115, uombe na risiti. Biashara ya vyuma chakavu nchini Kenya inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku kwa muda Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na vifaa vya umma, pisi ya shaba isiyo na asili inaweza kukuletea maswali usiyoyataka. Ufito uliomiminwa kwenye mchanga uepuke kabisa, hata ukipewa bure. Una vitundu vya hewa ndani, na kitundu kimoja kilicho upande mmoja kinasogeza kitovu cha uzito mahali ambapo hakuna kisu kitakachokirudisha.

Huamini ulichouziwa? Pima pisi kavu. Kisha weka ndoo ndogo ya maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, na uning'inize pisi kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavu. Namba unayoisoma kwa gramu ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Pisi ya milimita 32 kwa 115 itasoma 92 au 93. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo: shaba ya njano itatoa karibu 8.5, nyekundu karibu 9. Ukipata 7.8 umeuziwa chuma kilichopakwa, na sumaku itakubaliana nawe.

Kwenye leithi

Karakana nyingi za Kariobangi Light Industries, Nairobi, zitakukerezea kwa mchoro. Tatizo ni kwamba fundi mwenye haraka atakereza koni kwanza kwa sababu ndiyo inayopendeza, kisha atageuza kazi na kutoboa tundu la juu kwa kukadiria. Kaa hapo, umwombe afuate mpangilio huu.

1. Kata pisi mbili: milimita 85 ya mwili na 28 ya kifuniko. Anza na kifuniko. Kereza mguu wa upana wa milimita 10 na urefu wa 12, ukate hesi ya M10 (upana wa milimita 10) kwa dai, chombo cha kukata hesi kwa nje. Kutokea upande huo wa mguu, toboa tundu la milimita 5 lenye kina cha 17; humo ndimo fundo la kamba litakaa.

2. Shika pisi ya mwili, milimita 65 zikiwa nje ya chaki. Sawazisha uso, weka alama ya kati kwa keekee fupi ya senta, toboa milimita 8.5 hadi kina cha 20, kisha ingiza tapu ya M10 ikiongozwa na senta ya nyuma (ncha iliyo upande wa pili wa leithi), huku ukizungusha chaki kwa mkono. Mota iwe imezimwa.

3. Bila kufungua chaki, kereza mwili hadi milimita 30.0 kwa urefu wa 60. Mizunguko 800 kwa dakika inatosha, na shaba ya njano haihitaji mafuta. Kisu kiwe bapa juu, bila mteremko.

4. Bado hujafungua chaki. Funga kifuniko kwenye mwili, kereza kichwa chake hadi vipimo vyake, weka alama ya senta na utoboe tundu la kamba la milimita 1.5 hadi likutane na lile la ndani. Kwa sababu tundu la 5 limeshaingia, keekee hii nyembamba inapita milimita 5 tu. Ukiilazimisha kutoboa kifuniko kizima itayumba, na ndiyo maana ncha za timazi nyingi za nyumbani huchora duara zinapozungushwa.

5. Sasa ndipo unageuza kazi. Funga mwili kwa kipande cha kopo la soda ili mataya yasiukwaruze, kwenye chaki ya mataya manne, na urekebishe hadi geji ya saa (kipimo chenye mshale) isitikisike zaidi ya milimita 0.03. Chaki ya mataya matatu iliyochakaa haiwezi kazi hii. Sawazisha uso hadi urefu wa shaba, bila kifuniko, ubaki milimita 77. Toboa 5.0, kata hesi ya M6, na ufunge kipande cha bolti ya chuma ya daraja la ugumu 8.8 kwa gundi ya kushika hesi. Gundi ikikauka, pindua slaidi ya juu (sehemu ndogo inayobeba kisu) nyuzi 20.5 na ukereze koni, kisha uchonge ncha ya bolti ikiwa pale pale. Ncha iliyochongwa kando na kufungwa baadaye haikai katikati.

Keekee ya kawaida hupenda kujivuta ndani ya shaba ya njano ghafla, ikanyanyua kazi au ikavunjika. Dawa yake ni kusugua makali yake mawili kwa jiwe la mafuta hadi uso mdogo uwe bapa, kisha uiweke kando kwa ajili ya shaba peke yake. Na stima ikipotea katikati ya mkato, rudisha kisu nyuma na uzime swichi kabla haijarudi, la sivyo mashine itaanza na kisu kikiwa kimezama. Nawa mikono kabla ya chai. Risasi iliyomo kwenye shaba hiyo ni kidogo, lakini vumbi lake halina kazi tumboni.

Kamba iwe nailoni iliyosukwa ya milimita 1.2. Iliyosokotwa hujifungua na kuizungusha timazi bila kukoma. Usichukue nyembamba zaidi: kamba ikicheza ndani ya tundu, inaegemea upande mmoja leo na mwingine kesho. Lainisha mdomo wa tundu ili usikate nyuzi, funga fundo la mara mbili na uchome mwisho kwa kiberiti.

Majaribio

Ning'iniza timazi ndani ya nyumba isiyo na upepo, kamba ya mita 2, ncha ikiwa milimita moja juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao. Ikitulia, weka nukta chini ya ncha. Zungusha timazi robo, isubiri itulie, weka nukta nyingine, hadi upate nne. Nukta hizo zinachora duara, na nusu ya upana wake ndiyo kosa lako. Duara la nusu milimita linakubalika kwa uashi. La milimita 2 halikubaliki, hata uambiwe nini na aliyeikereza.

Duara likiwa kubwa, usikimbilie kuichonga kwa tupa. Viringisha mwili taratibu juu ya kioo cha dirisha, kifuniko kikiwa nje ya ukingo, ukitazama ncha. Ikipanda na kushuka, ncha au koni imepinda: irudishe kwenye mataya manne na uchonge upya. Ikitulia huku duara likibaki kubwa, kosa liko kwenye tundu la kamba, na dawa ni kifuniko kipya kilichotobolewa kikiwa kimefungwa mwilini. Kifuniko kipya kikishindwa pia, shaba ina hewa ndani. Iuze kwa kilo.

Jaribio la pili ni la ukuta. Kibao cha mraba kinachopita kwenye kamba kinapaswa kuwa na upana sawa na mwili, yaani milimita 30.0, tundu likiwa katikati kabisa. Kibao kikigusa ukuta juu, mwili unapaswa kuugusa chini bila kuuegemea. Kibao cha 31 kinaacha nafasi ya nusu milimita, na fundi ataulaumu ukuta. Kipime kwa kalipa kila mara, maana mbao hufura msimu wa mvua.

Kwenye jengo la ghorofa, kamba ya mita 12 inachukua karibu sekunde 7 kwenda na kurudi, na upepo mdogo hauiachi itulie. Zamisha mwili kwenye ndoo ya maji au oili chafu. Mtikisiko unakufa haraka, na kupungua kwa uzito ndani ya maji, kama asilimia 12, hakupindishi kamba. Kwa ghorofa tano na zaidi, kereza nyingine ya kilo moja au zaidi.

Timazi ikianguka juu ya zege, rudia jaribio la nukta nne kabla ya kuendelea na tofali linalofuata.