Namna ya kusikiliza santuru na tabla bila kupotea

Mimi ni mpiga ngoma wa Mikindani. Usiku mmoja nilialikwa barazani kwa familia ya Kihindi pale Mtwara mjini, wakapiga santuru na tabla, ile jozi ya ngoma za Kihindi. Karibu nusu saa nzima nikawa nangoja ngoma ianze, na uhondo wote wa mwanzo ukanipita. Nisingependa na wewe yakukute.

Fika mapema, ukae karibu na mpiga tabla. Santuru ni sanduku la mbao lenye nyuzi zinazokaribia mia. Utadhani ganuni ya taarabu, ila ganuni hucharazwa kwa vidole, hii hugongwa kwa vijiti viwili vyepesi. Asili yake Kashmir, na mpiga santuru Shivkumar Sharma (1938–2022) ndiye aliyeifikisha kwenye majukwaa makubwa. Wakati nyuzi zinalinganishwa usipige soga. Hapo ndipo sikio linapozoea.

Sehemu ya kwanza, alapu, haina tabla kabisa. Usiisubiri. Fuata sauti moja moja: kijiti kikitetemeshwa juu ya uzi, mlio unarefuka kama mtu anayeimba.

Tabla ikiingia, tazama mikono. Ngoma ya kulia ni ya mti, ndogo. Ya kushoto ni ya madini, nene ya sauti. Sisi huku, unyevu wa bahari ukilegeza ngozi, tunawasha majani tunaipasha ngoma moto. Yule mpiga tabla alichukua nyundo ndogo akagonga ukingo, tik, tik, huku ameinamisha sikio, mpaka ngozi ikakubaliana na santuru. Nilimpenda papo hapo.

Sasa hesabu. Mzunguko unaopigwa zaidi ni tintali, mapigo 16. Tumia kidole gumba: kila kidole kina pingili tatu, ncha ni ya nne, vidole vinne vinakupa 16. Wajuzi hupiga kofi pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 hupunga mkono tu. Santuru itazurura itakavyo, lakini yeye na tabla hukutana kwenye pigo la 1, na hapo utaona vichwa vya baraza zima vikiinama pamoja.

Ukipotea, acha vidole, sikiliza ile nene ya kushoto. Inanyamaza kuanzia pigo la 10 hadi la 13. Ikirudi, hiyo ni 14. Kisha 15, 16, moja.