Kufunga ukiwa kwenye foleni: zoezi la taswira kwa GS na GA (wafungaji) wa mpira wa pete

Uwanja wa kawaida una nguzo mbili za goli, mipira mitatu ikibahatika, na wasichana ishirini wanaosubiri zamu. Jioni nzima mfungaji hurusha mara kumi na tano, muda uliobaki ni foleni na soga. Mwongozo huu ni wa muda wa foleni. Unafaa pia siku za mvua, na kwa mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu ambaye kocha amemkalisha benchi.

Taswira tunayoizungumzia haina kombe wala vifijo. Ni kurusha mpira kichwani kwa kasi ya kweli, mwili ukiwa katika mkao wa kweli, hadi misuli yenyewe ianze kuitikia. Tangu miaka ya 1930 mtafiti Edmund Jacobson alionyesha kwamba mtu anapowaza kukunja mkono, umeme wa misuli ya mkono huo hupanda kidogo hata kama mkono haujasogea. Mwaka 1994 James Driskell na wenzake walipojumlisha tafiti nyingi, walikuta kwamba zoezi la akilini linasaidia, ila zoezi la mwili linalishinda. Kwa hiyo usilitumie kupunguza mitupo halisi. Liongeze pale ambapo usingerusha kabisa.

Kufunga katika mpira wa pete kunafaa sana kwa kazi hii: shabaha haisogei, urefu wake haubadiliki (mita 3.05), na ukishaupokea mpira huna zaidi ya sekunde 3 za kuushika. Tendo fupi lenye mwanzo na mwisho unaojulikana ni rahisi kulirudia kichwani kuliko, tuseme, kukaba.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuwaza

Rusha mara 20: mara 10 ukiwa mita 1.5 kutoka kwenye nguzo, mara 10 ukiwa mita 3. Andika magoli daftarini, na kando yake aina ya kukosa: mfupi, mrefu, kushoto, kulia. Safu hii ya pili ndiyo utakayoihitaji baadaye, na ndiyo watu wengi huiruka.

Kisha mwenzako achukue simu, afungue saa ya kuhesabia sekunde, apime tangu mpira unapotua mikononi mwako hadi unapoachana na vidole. Mara tano, kisha wastani. Tuseme umepata sekunde 2.1. Namba hiyo iandike kwa wino, tutairudia.

Hatua ya 2: Jua mpira unapita wapi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu taswira mbovu nyingi huanzia hapa. Kipenyo cha ndani cha pete ni milimita 380. Mpira saizi 5 una mzingo wa milimita 690 hadi 710, yaani kipenyo cha milimita 223 hivi. Mtu akisimama kwenye ngazi na kuchungulia pete kutoka juu, nafasi anaiona tele. Lakini mpira hauji kutoka juu kabisa, unakuja kwa mshazari, na kadiri unavyolala ndivyo pete inavyojifinya. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, unakuta mlango wa milimita 329. Kwa nyuzi 45, milimita 269. Kwa nyuzi 35 mlango ni milimita 218, na mpira wa milimita 223 hauwezi kupita hapo bila kugonga chuma. Na tofauti na mpira wa kikapu, hakuna ubao nyuma wa kukuokoa.

Kwa hiyo taswira yako lazima iwe na kilele na mteremko. Wachezaji wengi wakiulizwa wameona nini husema, "Nimerusha, mpira umeingia." Katikati hapana kitu. Mpira umetoka mkononi na kuibukia wavuni. Taswira ya namna hiyo haikufundishi upinde, na upinde ndio unaoamua.

Dawa yake ni macho. Kaa pembeni, usawa wa katikati ya mfungaji na nguzo, utazame mitupo kumi ya mfungaji hodari wa timu. Usitazame kama inaingia, tazama kilele kiko juu kiasi gani ya pete. Kama hakuna hodari wa kutazamwa, piga video ya mitupo yako mizuri kwa simu kutoka upande huohuo.

Hatua ya 3: Andika maelezo yako

Andika kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba linatokea sasa. Peter Lang, aliyechunguza taswira na hisia, alieleza mwaka 1979 kwamba maelezo yanayotaja mazingira peke yake hayatoshi, bali yataje pia jinsi mwili unavyoitikia. "Naona pete" ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni paja kukaza. Mfano wa mfungaji wa mkono wa kulia:

"Nimeudaka. Mguu wa kulia unatua, wa kushoto unafuata, saruji ngumu chini ya viatu. Macho yanatua kwenye ukingo wa nyuma wa pete. Mpira uko juu ya kichwa, umekalia vidole, kiganja hakijaugusa. Vipele vyake navisikia kwenye ncha za vidole. Mkono wa kushoto umeuegemeza ubavuni tu. Magoti yanakunjika, mapaja yanakaza. Nguvu inapanda kutoka chini. Kiwiko kinanyooka, kiganja kinainama mbele, kidole cha shahada kinauacha mwisho. Unapanda ukijizungusha kinyumenyume, unafika kilele, unashuka. Wavu unacheza."

Usinakili haya. Kama uwanja wenu ni wa vumbi, andika vumbi. Kama nguzo yenu haina wavu, malizia kwa sauti ya mpira ukidunda chini. Kama unacheza bila viatu, andika udongo wa moto saa tisa alasiri.

Kuna wasioona picha yoyote wakifumba macho. Hao si wabovu. Waandike mguso, uzito na sauti, waache rangi. Taswira ya mwili bila picha bado ni taswira.

Kuna mtego mmoja: maelezo hayo kuyasoma huchukua nusu dakika, na mtupo wenyewe ni sekunde mbili. Kocha akiwasomea wachezaji polepole huku wamefumba macho, anawafundisha mtupo wa nusu dakika. Soma mara moja au mbili ili upakie, weka karatasi chini, halafu urushe kichwani bila maneno. Ukitaka neno, bakisha moja tu la kusema wakati wa kuachia mpira, mfano "juu".

Hatua ya 4: Simama palepale

Kulala chali chumbani na kulegeza mwili ni tabia ya zamani isiyosaidia sana mtupo. Paul Holmes na Dave Collins walipendekeza mwaka 2001 kwamba taswira ifanane na tendo lenyewe kadiri inavyowezekana: mkao, mahali, vifaa, muda, hisia. Kwa lugha ya uwanjani: vaa viatu vya mchezo, simama ndani ya duara la goli, mguu mmoja ukilingana na mwingine kwa upana wa nyonga, mpira mkononi. Macho wazi, ukiitazama pete. Magoti yacheze kidogo, kiganja kitikisike. Unaruhusiwa.

Mipira imekwisha? Shika chupa ya maji au viatu vilivyofungwa pamoja, chochote chenye uzito. Uko nyumbani? Weka alama ya chaki mita 3.05 juu ukutani, usimame umbali uleule. Alama isiwe ya kukisia, pima kwa futi kamba, kwa sababu macho yakizoea pete ya mita 2.8 yatakutoza uwanjani.

Kuhusu kuona kwa macho yako mwenyewe au kujitazama kama kwenye video: anza na macho yako. Ukirekebisha mkao, kwa mfano kiwiko kinachotoka nje, jitazame kutoka pembeni kwa mitupo michache, kisha urudi ndani.

Hatua ya 5: Saa ndiyo hakimu

Chukua ile namba ya wino. Bonyeza saa unapoudaka mpira kichwani, bonyeza tena kidole cha shahada kinapouacha. Ikiwa mtupo halisi ni sekunde 2.1 na wa kichwani ni kati ya 1.8 na 2.5, endelea. Ukipata 4, unasimulia, hurushi. Ukipata 0.9, umeiruka sehemu ya kukunja magoti. Karibu kila mara ni magoti yanayorukwa.

Mwendo wa polepole unaruhusiwa kwa kazi moja tu: kutafuta kipande kilichoharibika. Ukishakipata, mara mbili polepole, kisha rudi kwenye kasi ya kweli siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kiasi

Kwenye foleni: mitupo mitatu kichwani, mmoja halisi, hadi zamu zako ziishe. Nje ya mazoezi: siku tatu kwa wiki, mizunguko miwili ya mitupo kumi, dakika moja ya mapumziko katikati. Yote hayazidi dakika 10. Tathmini ya Driskell ilionyesha kwamba vipindi virefu havizidishi faida, na dakika 20 hivi zilitosha. Akili ikichoka picha huanza kuyeyuka, na unachorudia hapo ni ukungu. Kila baada ya mitupo mitano jipe alama ya uwazi, 1 hadi 5. Ukipata chini ya 3 mara mbili mfululizo, acha kwa siku hiyo.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kurusha vizuri hata mara moja asianzie hapa. Hana cha kurudia. Kwanza apate mitupo halisi michache yenye umbo, hata akiwa mita moja kutoka kwenye nguzo.

Mpira wa kichwani ukikataa kuingia

Litatokea. Unarusha kichwani na mpira unagonga ukingo wa mbele, mara ya pili vilevile, mara ya tatu unaudhibiti kwa nguvu na unakataa. Kosa kubwa hapa ni kujiambia "usikose". Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha kwamba akili inayojikataza jambo hulazimika kulichungulia jambo hilohilo ili kujua kama limeondoka. Sian Beilock na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa wacheza gofu: waliowaza mpira ukikosa shimo walizorota, na kujaribu kuisukuma picha hiyo nje hakukuwaokoa.

Fanya hivi. Simamisha. Rudi nyuma hadi mahali pa mwisho palipokuwa safi, kwa kawaida mpira ukiwa juu ya kichwa kabla ya magoti kukunjika. Sogea hadi mita 1. Rusha mpira halisi mara tatu kutoka hapo, usikie mguso, kisha mara moja rudia kichwani ungali moto. Halafu rudi nyuma hatua moja moja.

Kabla hujailaumu akili, fungua daftari. Ikiwa mitupo yako halisi mingi ni mifupi na ya kichwani nayo inagonga ukingo wa mbele, picha yako inasema kweli: magoti hayafanyi kazi. Rekebisha magoti.

Hatua ya 7: Mlete GK (mlinzi wa goli)

Baada ya wiki mbili hivi, uwazi ukiwa 4 na saa imekubali, ongeza mlinzi. Sheria inamweka mita 0.9 kutoka kwako, lakini mikono yake mirefu imeinuka na vidole vinaficha ukingo wa mbele. Ongeza kimoja kila kipindi: mikono, kisha kelele za upande wa pili, kisha moyo unaodunda baada ya kukimbia. Kimbia kweli mita 20, simama, rusha kichwani ukihema. Kuwaza presha ukiwa umekaa kivulini ni nusu ya kazi.

Hapa kilele cha upinde hupanda kidogo, na wengi husahau kukipandisha kichwani. Matokeo yake ni mtupo unaopita juu ya mikono ya GK na kuishia mfupi.

Siku ya mechi

Sekunde 3 hazitoshi kwa taswira nzima baada ya kudaka, usijaribu. Wakati wake ni mwamuzi akipuliza adhabu na kumtaka mlinzi asimame kando: unapotembea kwenda mahali pa kurushia, pitisha kipande cha mwisho tu, kiganja kikiinama na mpira ukishuka kutoka kilele. Sekunde moja. Ukifika, macho kwenye pete, rusha. Wakati wa mapumziko ya robo, mitupo mitano kichwani ukiwa umesimama, mgongo kwa watazamaji.

Baada ya wiki nne

Rudia kipimo cha Hatua ya 1 kwa umbali uleule, saa ileile ya siku. Tazama safu ya pili kabla ya magoli. Mitupo iliyokuwa ikitawanyika kila upande ikianza kukosa kwa namna moja, hiyo ni habari njema hata kama magoli hayajaongezeka, kwa sababu sasa una kosa moja la kurekebisha. Kisha andika maelezo mapya. Yale ya wiki ya kwanza yalikuwa ya mchezaji mwingine: muda umebadilika, mkao umebadilika, na sentensi ya magoti huenda haihitajiki tena.