Somo: Kutafuta chanzo cha mlio mwembamba katika kompyuta ya zamani

Kompyuta ninayoitolea somo ni ya kundi la XT (kompyuta za IBM na zinazofanana nazo), ya miaka ya 1980, yenye diski ngumu ya megabaiti 20. Ilikaa stoo hapa Dodoma misimu mingi ya kiangazi, na nilipoiwasha ilianza kulia kama filimbi. Nilishauriwa kubadilisha pawa saplai, nami nashukuru kwamba sikufanya hivyo kabla ya kuchunguza.

Kwanza, sikiliza unapozima. Mlio unaoshuka taratibu hadi kunyamaza hutoka kwenye kitu kinachozunguka, yaani feni au diski, ilhali unaokatika ghafla mara nyingi ni wa umeme.

Pili, zima skrini peke yake. Transfoma ya skrini ya chogo hutetema kwa kasi ya kuchora mistari: inayofuata mfumo wa televisheni wa PAL huchora mistari 15,625 kwa sekunde, na ya CGA (kadi ya picha ya kompyuta za mwanzo) karibu 15,700, sauti ambayo mtoto huisikia vizuri lakini watu wazima wengi hawaisikii tena, kwa hiyo mwite mtoto akusaidie. Skrini ya VGA, aina iliyokuja baadaye, huchora karibu mistari 31,500, kiwango kisichosikika kwa sikio la binadamu, basi mlio ukisikika hapo una sababu nyingine. Tafadhali usiifungue, kwa maana volti maelfu hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya.

Tatu, chomoa waya ukutani, fungua kava, tenga waya wa umeme wa diski ngumu, kisha washa tena. Bodi mama ibaki imeunganishwa, kwa sababu pawa saplai nyingi za wakati ule hazifanyi kazi ipasavyo bila mzigo, yaani kitu kinachotumia umeme wake.

Kwangu mlio ulikoma hapo. Diski nyingi za miaka hiyo zina ukanda mdogo wa chuma unaogusa ncha ya mhimili wa sahani zinazohifadhi data ili kuondoa umeme tuli, na sehemu hiyo ikilika, ukanda hushika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, kama upinde wa zeze la Wagogo unavyokwaruza uzi. Nakili kwanza mafaili yako. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, bandika kipande kidogo cha sponji mgongoni mwa ukanda ili usitetemeke. Usitie mafuta, na sehemu iliyofungwa yenye sahani usiiguse kamwe.

Feni ni rahisi zaidi: futa vumbi letu jekundu, bandua lebo ya katikati, na kama haina beringi za gololi, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Pawa saplai mwachie fundi wa elektroniki, kwani umeme wa volti 230 ukigeuzwa ndani yake hufikia takriban volti 325, na kapasita huuhifadhi.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kondoa: Shikamoo mwalimu. Yangu hulia asubuhi za baridi ya Juni tu, kisha hunyamaza baada ya robo saa.

Marahaba. Grisi ya beringi huganda kwa baridi, lakini kapasita zilizokauka nazo husumbua zaidi zikiwa baridi. Rudia hatua ya kwanza asubuhi, wakati mlio ungalipo.

Kutoka Mpwapwa: Je, naweza kuung'oa ukanda kabisa?

Diski itazunguka, ndugu yangu, lakini mimi siungi mkono. Umeme tuli utakaojikusanya kwenye sahani utatafuta njia kupitia beringi au vichwa vya kusomea, na diski hizi hazipatikani tena kirahisi.

Kutoka Manyoni: Programu ya simu inaonyesha hezi (mitetemo kwa sekunde) 15,600 ingawa skrini yangu imezimwa. Nianzie wapi?

Kabla ya kufungua chochote, dada, hakikisha hakuna televisheni ya chogo iliyowashwa chumba cha pili, maana nayo hulia kwa kiwango hicho hicho.