Majibu Safi Hayakutoi Ndani: Kwa Mnaoishi Nyumba za Kushea Uingereza

Ninaandika haya nikiwa Tabata, kwa ajili ya vijana wanaosubiri viza za masomo au za kazi Uingereza, na kwa walioko huko tayari. Sheria za corona zimekwisha. England iliondoa wajibu wa kisheria wa kujitenga tarehe 24 Februari 2022. Lakini maradhi hayajaisha: Marburg iliingia Kagera mwaka 2023, ikarudi tena Biharamulo Januari 2025, na safari za ndege hazijapungua. Siku serikali ya huko itakapowaambia watu wakae ndani tena, naamini itaanza na fikra ile ile ya kufunga nyumba nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Atakayebanwa wa kwanza ni Mtanzania aliyepanga chumba, kama nilivyobanwa mimi nilipokuwa England mwaka 2020.

Mambo mepesi kwanza. Ukifika jiandikishe kwa daktari wa mtaa. Tunza mkataba wa kazi na hati zote za mshahara. Weka ndani mchele, unga na maharage ya wiki mbili. Basi.

Sasa njoo kwenye mtego wenyewe.

Sisi tumekulia kwenye nyumba za wapangaji. Manzese au Buguruni, nyumba moja ina vyumba sita, choo kimoja uani, na kila mpangaji ana jiko lake la mkaa mlangoni. Karani wa sensa akija anaandika kaya sita. Mpangaji mwenzio akiugua unampelekea uji, unampa pole, kisha unakwenda zako kazini. Kanuni za kujitenga za England hazikuhesabu hivyo. Mkishea jiko, choo na sebule, nyie ni nyumba moja, hata kama kila mtu ana mkataba wake, ufunguo wake na sufuria zake, na hata kama hamjuani majina. Mmoja akianza homa, kikohozi kipya, au akapoteza harufu na ladha, wote mko ndani.

Nyumba yetu ilikuwa na Watanzania, Mkenya na kijana mmoja wa Kipolandi. Ilikuwa vuli ya mwaka 2020. Wakati huo mwenye dalili alikaa ndani siku 10, na wanaoishi naye siku 14. Mwenzetu mmoja akaanza kukohoa, akapimwa, akakutwa na virusi. Mimi nilikuwa nafanya kazi kupitia wakala kwenye nyumba ya kulea wazee, ambako wafanyakazi tulipimwa kila wiki. Majibu yangu yakatoka tukiwa tumeshafungiwa: sina maambukizi. Wakala akapiga simu siku hiyo hiyo. Majibu yako safi, njoo zamu ya usiku.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Majibu safi ya mtu aliyeishi na mgonjwa yalikuwa hayamtoi ndani. Kirusi kiliweza kujificha mwilini hadi siku 14 kabla ya kuonekana, kwa hiyo kipimo kilieleza hali yako ya saa ile tu ulipochokonolewa pua. Kilichoweza kuifungua nyumba ni majibu ya yule mwenye dalili. Yeye akipimwa na kukutwa hana, na wengine wote wazima, mnatoka. Yeye akikutwa nacho, hata wengine wote mpimwe na kukutwa wasafi, mnamaliza siku zenu. Usiniambie unalijua hili. Nimewaona wauguzi wenye diploma wakilichanganya, na nimewaona mameneja wakilichanganya kwa sababu wana upungufu wa watu na wanataka zamu ijae.

Nilikataa kwenda. Ndani ya nyumba ile ya kulea wazee kulikuwa na bibi na babu wa watu, na ugonjwa ulikuwa umeshawaua wengi kwenye nyumba za namna hiyo nchini kote. Wakala akaandika kwamba sikufika kazini. Malipo ya ugonjwa nikanyimwa, kwa maelezo kwamba mimi si mgonjwa. Nikawa na kodi ya chumba, sina zamu, na kila aliyenipigia simu alikuwa na tarehe yake. Mmoja alihesabu kuanzia siku mwenzetu alipoanza kukohoa. Mwingine akahesabu kuanzia siku alipopimwa. Mwenye nyumba naye akatuambia tuanze upya kwa sababu kijana wa Kipolandi ameanza kuumwa kichwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: hizi ni siku za nani? Chukua mfano. Asha ameanza kukohoa tarehe 1. Siku 10 za Asha zinaanzia hapo, na siku 14 za Juma na Neema zinaanzia hapo hapo, kwenye kikohozi cha Asha. Haijalishi Asha alipimwa lini wala majibu yalirudi lini. Tarehe 12 Juma naye anapata homa. Juma anaanza siku 10 mpya, zake peke yake. Neema, ambaye ni mzima, haanzi upya. Anamaliza zile zile alizozianza na Asha, kisha anatoka, hata kama Juma bado yuko chumbani. Watu walikosea pande zote mbili. Wengine walitoka siku ya 10 pamoja na mgonjwa kwa kuona yeye aliyeumwa ameshatoka, wao wazima wabaki kwa nini. Wengine walianza upya kila mtu alipokohoa, wakakaa ndani wiki nyingi bila kazi wala sababu. Baadaye, tarehe 14 Desemba 2020, siku 14 zikapunguzwa England kuwa 10, na Wales walikuwa wametangulia siku chache. Anayeishi Bristol, England, na shemeji yake Cardiff, Wales, walikuwa wanabishana kwenye simu, na wote wawili wana haki.

Na ukiulizwa dalili zilianza lini, taja tarehe. Usitaje usiku. Sisi tukisema usiku wa Jumapili mara nyingi tunamaanisha ule wa kuamkia Jumapili, wao wanaandika Jumapili yenyewe, na hesabu ya nyumba nzima inasogea.

Narudia, kwa sababu simu bado zinanijia na swali ni lile lile: kipimo chako safi hakikuwa ruhusa. Ruhusa ilikuwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Amri ikirudi na mtu akikupigia, mshukuru, kisha omba akutumie ujumbe au barua pepe yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mwajiri akisema njoo, mwambie aandike. Wengi wao hawaandiki. Kuanzia tarehe 28 Septemba 2020, kuvunja amri ya kujitenga England kulikuwa na faini inayoanzia pauni 1,000 hadi 10,000, na mwajiri aliyejua kwamba mfanyakazi anatakiwa kujitenga, kisha akamruhusu kuja kazini, naye aliingia kwenye faini. Wakala wangu alinyamaza nilipomwandikia kifungu hicho. Zamu hazikurudi, lakini malipo ya ugonjwa yalilipwa, baada ya kupeleka hati ya kujitenga niliyoipata mtandaoni kupitia NHS 111, huduma ya ushauri ya NHS (mfumo wa afya wa serikali), pamoja na ujumbe wote niliotunza. Yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Hiyo haikutosha kodi ya chumba, lakini ilikuwa haki yako, na aliyefungiwa kwa sababu ya mgonjwa wa nyumbani kwake alistahili hata kama hana dalili.

Kulikuwa pia na msaada wa pauni 500 kwa wenye kipato cha chini, hasa wanaopokea ruzuku kama Universal Credit. Asiyepokea ruzuku aliweza kuomba kwenye mfuko wa hiari wa halmashauri yake. Wengi wetu hatukuomba kwa kuogopa viza. Woga huo huo uliwafanya watu wafe vyumbani bila kupiga simu, wakati kupimwa na kutibiwa corona kulikuwa bure kwa kila mtu bila kuulizwa hati za uhamiaji. Uliza kwanza, ogopa baadaye.

Jambo jingine lililochanganya ni karantini ya msafiri. Kuanzia tarehe 8 Juni 2020 aliyetua Uingereza alijitenga siku 14 yeye mwenyewe, na wenzake wa nyumbani waliendelea na kazi mradi hawakusafiri naye na yeye hana dalili. Halafu tarehe 22 Januari 2021 Tanzania ikawekewa zuio la safari. Mkazi aliyerudi kutoka Dar alitakiwa akae ndani siku 10 pamoja na nyumba yake nzima. Mtu mmoja katoka kuzika Mbagala, anarudi, na wapangaji wenzake wanaofanya kazi za usafi wanapoteza zamu zao. Kuanzia tarehe 15 Februari ikawa kujitenga hotelini kwa gharama yako, mwanzoni pauni 1,750 kwa mtu mzima na baadaye zaidi, hadi nchi yetu ilipotolewa kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi zilizowekewa zuio, Oktoba 2021. Kanuni tatu ndani ya mwaka, kwa safari ile ile. Kabla hujakata tiketi ya kwenda msibani, soma ya siku hiyo, na waambie unaoishi nao.

Ndugu zetu wa huku nyumbani, nawaheshimu, lakini naomba mnisikilize. Mama wadogo, wajomba, mlikuwa mnatuma sauti za WhatsApp kila asubuhi: mwanangu piga nyungu, kunywa tangawizi na limao, kisha toka ukatafute, huku kwetu corona imekwisha. Nyungu nilipiga, ilinifariji. Lakini aliyetoka kwa ushauri wenu ndiye aliyeandikiwa faini, na pesa ya faini ni ile ile mliyokuwa mnaisubiri kwa ada ya shule. Mlituona wavivu tuliojificha ndani. Mtoto akikwambia hatoki hadi tarehe fulani, usimuulize kama anaumwa. Muulize ana chakula, na kama kodi imelipwa. Na msimwambie amtembelee mgonjwa wa kabila lenu aliyeko mji wa jirani. Huku kutomwona mgonjwa ni aibu. Kule wakati ule, kumwona kulimfungia ndani aliyekwenda. Simu inatosha, na chakula kikiachwa mlangoni.

Kuhusu Waingereza, nina mengi. Huku tumezoea kwenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, ukaeleza, mkasikilizana. Kule hakuna wa kumweleza ana kwa ana. Hakuna askari mlangoni pia. Wanakuachia uaminifu wako, na hilo nililipenda. Lakini jirani ambaye hajawahi kukusalimia anaweza kupiga simu polisi akiona wageni wameingia kwenu. Jirani wa upande wa pili alituachia maziwa na mkate kizingitini bila kugonga, akaenda zake. Wote wawili ni Uingereza hiyo hiyo. Kilichoniuma ni kwamba sheria ilikuwa laini kwa wakubwa. Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu Boris Johnson, mwishoni mwa Machi 2020 alimpakia mkewe aliyekuwa ameanza kuumwa, na mtoto wao, wakasafiri kwa gari kutoka London hadi Durham, wakati nchi nzima imeambiwa nyumba yenye dalili isitoke. Hakutozwa faini; alijieleza mbele ya waandishi wa habari kwenye bustani ya ofisi ya Waziri Mkuu. Sisi wa mishahara ya saa tulijua kwamba tukijaribu hivyo hatutaitiwa waandishi wa habari bustanini kujieleza.

Tofautisha pia agizo na ushauri. Ulipopigiwa au kuandikiwa rasmi na wafuatiliaji wa maambukizi wa NHS kwamba ujitenge, hiyo ilikuwa sheria. Programu ya simu ya kumwonya aliyekaa karibu na mgonjwa ilipolia, mwaka 2020 ule ilikuwa ushauri tu, haina faini. Mimi ningekaa ndani kwa vyote viwili, lakini mwajiri akikubana ni lazima ujue umesimama juu ya kipi.

Ukinyimwa malipo au zamu kwa sababu ulitii amri, piga simu Acas, wanashauri bure mambo ya kazi, au nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, la mji wako. Nenda na vitu vitatu: tarehe dalili za kwanza zilipoanza nyumbani na jina la aliyezianza, ujumbe rasmi wenye tarehe ya mwisho, na maandishi ya mwajiri. Kama hana maandishi, mwandikie wewe siku ile ile mliyoongea, ueleze alichosema na saa aliyokisema, kisha utunze nakala.