Kabla ya Kumwombea Mwenza Wako Visa ya Kutembelea Uingereza

Maelezo haya ni ya mume au mke anayeishi Uingereza kihalali, ambaye mwenzake yuko Dar es Salaam, Unguja au Mombasa na anataka kuja kutembea tu. Kama nia yenu ni kuishi pamoja, iacheni visa hii, ombeni ya mwenza. Ya mgeni ina kikomo cha miezi 6 kwa kila ziara, na haibadilishwi kuwa ya mwenza akiwa ameshaingia. Atarudi nyumbani kuanza upya.

Fomu hujazwa kwenye tovuti ya gov.uk, si zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Kisha mwombaji huenda kituo cha VFS, kampuni inayopokea maombi ya visa kwa niaba ya Uingereza, kutoa alama za vidole na kupigwa picha, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 tangu siku hiyo. Ada hairudishwi visa ikikataliwa. Tiketi msinunue kwanza. Kipimo cha kifua kikuu hakitakiwi kwa ziara isiyozidi miezi 6, kwa hiyo mtu asiwalipishe.

Kagueni majina. Pasipoti inasema Mohamed, cheti cha ndoa kinasema Muhammad, na jina la babu limeachwa kwenye akaunti ya benki: pelekeni hati ya kiapo ya wakili inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Hati yoyote ya Kiswahili, iwe cheti cha ndoa cha msikitini au barua ya sheha, iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tarehe, jina kamili la mfasiri, sahihi yake, mawasiliano yake na tamko kwamba tafsiri ni sahihi.

Fedha. Anayealika anaruhusiwa kulipia safari yote, basi semeni hivyo waziwazi, mweke hati zake za mshahara, taarifa za benki za miezi 6, uthibitisho wa hadhi yake ya ukaazi na mkataba wa pango unaoonyesha mgeni atalala wapi. Kosa linaloangusha wengi ni kumtumia mwenza shilingi milioni kadhaa wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya benki ili akaunti ipendeze. Ofisa haangalii salio la mwisho peke yake. Akiona akaunti inayoingiza laki nne kwa mwezi imepata milioni nane kwa siku moja, ataandika kwamba chanzo hakijulikani. Akaunti ndogo yenye mwendo wa kweli ina nguvu kuliko hiyo.

Zito zaidi ni sababu ya kurudi. Mwenye ajira alete barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na simu ya ofisi. Mfanyabiashara alete leseni, TIN (namba ya mlipakodi), risiti za kodi na miamala ya simu inayoonyesha duka linauza. Watoto wanaobaki shuleni ni sababu, mzazi anayemtunza ni sababu, wekeni ushahidi. Hati ya kiwanja peke yake haitoshi, kwani kiwanja hakimlazimishi mtu kurudi.

Hapa sasa sikilizeni vizuri. Msifiche ndoa. Mtaani kuna ushauri kwamba mke akijulikana ana mume Uingereza atanyimwa, hivyo ajaze hajaolewa na amwite mwenyeji rafiki. Wakati mwingine visa ya namna hiyo hutoka, na matatizo huanzia hapo. Baadaye wawili hao wanaomba visa ya mwenza, wanaambatanisha cheti, na tarehe ya ndoa iko kabla ya ile ziara. Maombi ya zamani yapo kwenye kumbukumbu. Ofisa anayafungua, anakuta “hajaolewa” na chini yake sahihi ya mwombaji. Ndoa ya kweli kabisa, yenye mashahidi na picha, inaanza kutiliwa shaka na wenyewe ndio waliotoa sababu. Na udanganyifu ukithibitika, maombi ya mgeni yanaweza kukataliwa kwa miaka 10. Hata kama ni nikaha ambayo bado haijasajiliwa, ielezeni kama ilivyo. Kisha barua ya mwaliko iseme wazi: tumeoana tarehe fulani, anakuja kwa wiki 4, anarudi kazini tarehe fulani, na siku tukitaka kuishi pamoja tutaomba visa inayostahili.

Kukataliwa na nchi yoyote, hata zamani, kutajwe pia.

Jibu likiwa hapana, kwa kawaida hakuna rufaa, ila mnaweza kuomba tena. Soma barua ya kukataliwa sababu moja baada ya nyingine, ujibu kila moja kwa hati mpya. Karatasi zilezile huleta jibu lilelile.

Jihadharini na vishoka wanaoahidi visa ya uhakika. Hakuna mwenye uwezo huo. Mwombaji asome fomu yote mwenyewe kabla ya kuwasilisha, hata kama mwingine amemjazia, kwa sababu majibu yote yanahesabiwa kuwa yake. Hifadhini nakala ya kila kitu. Siku ya safari nakala hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kuuliza maswali yaleyale wakati begi kubwa bado liko kwenye ndege.