Mfiwa akikuuliza "Kwa nini Mungu?", anza kwa kunyamaza

Mwanangu alifariki akiwa na miezi minne. Siku ya pili ya msiba mtu mmoja alinishika bega akaniambia Mungu amechuma ua lake. Nikaitikia "amina" kwa uchovu tu. Moyoni nikajiuliza, bustani gani hiyo isiyotosheka? Tangu hapo nimekaa na wafiwa wengi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Nenda, kaa. Usiandae hotuba. Rafiki watatu wa Ayubu, yaani Elifazi, Bildadi na Sofari, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Kwangu mimi, hilo ndilo jema pekee walilofanya katika sura zote 42 za kitabu cha Ayubu. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia dhambi. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa akilalamika. Soma 42:7 polepole kabla hujatoka nyumbani.

Usitafute mkosaji. Wanafunzi walitaka kujua kama yule kipofu wa tangu kuzaliwa alitenda dhambi yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili (Yohana 9). Hata wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wenzao (Luka 13). Kwa hiyo habari za laana ya ukoo ziache mlangoni pamoja na viatu.

Na Warumi 8:28, ule mstari kwamba Mungu hufanya mambo yote kuwapatia mema wampendao, je? Ni kweli, lakini mwache mfiwa aifikie mwenyewe, siku yake ikifika.

Akitaka kusali na maneno yamemkauka, mfungulie Zaburi 88, umwekee kidole pale, asome. Nyingi za kuomboleza hugeuka mwishoni zikashukuru; hii inaishia gizani. Wengi hushtuka kwamba maneno hayo yamo kwenye Biblia. Mimi nilikwama humo miezi mitatu, na sikujihesabu muasi. Zaburi ya 22 nayo inafaa: ndiyo ile Yesu aliyoililia msalabani, "Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Akikubana, "Kwa nini mtoto?", sema hujui. Sisi wasomaji tunajua kilichosemwa mbinguni kwenye sura ya kwanza ya Ayubu, ila Ayubu mwenyewe hakuambiwa kamwe, hata Mungu aliponena naye kutoka kwenye kisulisuli. Wewe utajuaje?

Kisha tafuta kazi ya mikono. Mama mmoja wa kanisani alikuja bila aya hata moja. Akakuta vinguo vya mtoto bado vimeanikwa kambani. "Mwanangu, nivianue au viendelee kukaa?" Nikamwambia vianue. Akavikunja kimoja kimoja, soksi akazipanga jozi kwa jozi, akavitia kwenye boksi na kuandika jina la mtoto juu yake.

La mwisho, andika tarehe ya kifo kwenye simu yako. Turubai likishashushwa, wapigaji simu huisha. Piga, na umtaje marehemu kwa jina. Yule mama hunipigia kila mwaka, asubuhi na mapema, kabla sijaanza kujifanya nimesahau.