Somo: Kuwasilisha Utafiti wa Uzamivu Ambao Haujakamilika

Mtafiti wa uzamivu anayepewa dakika 20 mara nyingi huanza na usuli wa mada, kisha nadharia, kisha mbinu, hata muda humwishia kabla hajafika pale anapohitaji kusaidiwa. Nitatumia mfano wa anayetafiti miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ingawa wa historia au sosholojia naye atapata lake.

Hatua ya 1: Chagua fundo moja lililokushinda kulifungua. Acha tasnifu nyumbani, uje na ukurasa mmoja.

Hatua ya 2: Onyesha ushahidi wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa huusimulia tu ushahidi badala ya kuuweka wazi. Katika miswada mingi ya zamani, herufi ba ilibeba sauti b, p na mb; irabu u na o zilitumia alama moja, na i na e vivyo hivyo. Kwa hiyo neno lile lile laweza kusomwa kobe, kope, kupe au kombe. Weka picha ya ubeti ukutani, usome kwa sauti, kisha utaje usomaji uliouchagua na sababu yake, iwe ni mizani, vina au lahaja ya mtunzi. Aliyekulia Lamu akiusikia ubeti huo, atakuwa na la kukwambia.

Hatua ya 3: Malizia kwa swali mahususi, na umwombe mwenzako aandike majibu.

Maswali ya washiriki

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikikosolewa mbele ya msimamizi wangu, nijitetee?

Jibu: Marahaba. Fafanua ulichokusudia mara moja, kisha sikiliza. Katika wasilisho langu la kwanza nilijitetea mpaka kikao kikafungwa, nikarudi na daftari tupu.

Swali: Tasnifu yangu ni ya Kiswahili. Nikienda Ulaya nitaeleweka?

Jibu: Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, hupokea mawasilisho ya Kiswahili. Anzia huko.

Swali: Mswada wangu umehifadhiwa kabatini mwa familia moja. Naweza kuonyesha picha yake?

Jibu: Omba ruhusa upya, hata kama walikwisha kukuruhusu kuusoma, na uwaeleze ni nani watakaokuwamo ukumbini. Wakikataa, nakili ubeti mmoja kwa mkono wako, ikiwa hilo wameliridhia.